Tata Anahama na Mbolea Yake

Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, huwa nasema Thika ili mazungumzo yaendelee. Ukweli ni kwamba nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa nje ya mji huo, vyumba vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja, na kahawa ile haikuwa yetu wala mawe yale. Mama alichuma, baba alipogoa, na walipoacha kazi tulifunga magodoro kwa kamba ya katani tukaondoka. Tangu hapo sijatulia. Nimemenya mananasi katika kiwanda kimoja Eneo la Viwanda, nimekuwa utingo wa lori la mchanga, nimeuza mitumba Juja kwa wanafunzi wa chuo wanaojaribu suruali juu ya suruali. Nimepanga vyumba vingi hata sikumbuki rangi za milango. Ninachokumbuka vizuri ni kahawa ikitoa maua baada ya mvua ya kwanza, shamba zima jeupe, harufu inaingia mpaka kwenye uji.

Shamba lile siku hizi ni nyumba. Nilipita pale nikakuta mkahawa mmoja umebaki kando ya lango la mtu, haujapogolewa, umekuwa mrefu kama mti wa kivuli. Nilisimama kuuangalia mpaka mlinzi akatoka kuniuliza nimepoteza nini.

Kazi ya kiwandani ilipokwisha nilienda kukaa kwa tata, Kimbo, upande wa Ruiru. Tata ni dada mdogo wa mama yangu, mjane, na watoto wake wameshaenda zao. Mimi ndiye niliyepewa jina la baba yake, kama desturi yetu inavyotaka kwa kijana wa pili, kwa hiyo yeye huniita baba. Alfajiri aligonga ukuta wa chumba changu akisema, "Baba, amka, umelala kama mtu mwenye hati ya shamba," nami niliamka nikijiona mzee na mtoto kwa wakati mmoja.

Tata ni mkulima, na hajawahi kumiliki ardhi hata ya kuzikia paka. Hukodi. Shamba alilokuwa analima nilipofika lilikuwa nyuma ya nyumba za mwisho za Kimbo, kwenye mteremko unaoshuka mpaka mtoni. Lilikuwa la mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Alikuwa amelikata katikati kwa mstari wa nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Nusu ya juu, karibu na nyumba yake na boma la ng'ombe wake, aliilima mwenyewe. Nusu ya chini alimkodisha tata.

Mtu yeyote angesimama pale kwenye nepia angeshangaa. Juu, mahindi ya mzee yalikuwa mafupi na ya manjano, yamesimama kwa kuachana kama watu waliogombana. Chini, sukuma wiki ya tata ilikuwa na majani mapana ya kufungia mtoto, spinachi inang'aa, maharagwe yamefunika ardhi mpaka huoni udongo. Wachuuzi wa Kimbo walikuja kuchukua mboga pale pale shambani kabla jua halijapanda, na wale wa Juja walipiga simu jana yake ili wasikose.

Lakini ukiangalia vizuri uliona kitu kingine. Katika nusu ile ya tata hapakuwa na kitu chochote kinachokaa. Hapakuwa na mgomba, hapakuwa na avokado, hata mpapai haukuwepo. Kwetu anayekodi hupanda vitu vinavyokwisha haraka, na hakuna haja ya mtu kumwambia. Mti ni shahidi. Kesi za ardhi tulizosikia tukiwa watoto zilijaa miti: nani alipanda huu, nani alivuna ule, baba wa nani alikaa chini ya upi. Mwenye shamba akisikia mpangaji wake amenunua mche, halali vizuri. Hata mitaro ya kuzuia maji tata hakuchimba, maana mtu anayechimba mitaro ni kama mtu anayejenga. Kila mvua kubwa ilipokuja alisimama chini ya mwavuli akitazama udongo wake wa juu ukienda mtoni, na mto ukigeuka rangi ya matofali. Alikuwa akitazama tu, kama mtu anayesindikiza wageni.

Na pale kwenye kona ya chini palikuwa na lundo.

Lilikuwa lundo la mbolea, limenifika kifuani, limefunikwa kwa magunia. Alilijenga kwa samadi kutoka boma la mzee mwenyewe, ambalo alikuwa akilisafisha kila Jumamosi bila malipo, na mzee alimshukuru kwa kumwondolea uchafu. Aliongeza majani, majivu, maganda ya viazi kutoka vibanda vya chipsi pale steji ya matatu. Lakini lundo lenyewe halikugusa ardhi. Lilikaa juu ya mabati mabovu yaliyolazwa juu ya mawe, na maji yaliyochuruzika yalidondokea kwenye karai. Wakati wa kupanda, tata alipita na ndoo akitia konzi moja kwa kila shimo, si zaidi, halafu akalifunika lundo tena.

Siku yangu ya kwanza, nikiwa nimeshika fokojembe na hamu ya kuonyesha nguvu, nilimuuliza kwa nini asiimwage yote shambani.

Alinyoosha mkono kuelekea ghorofa moja ya kijani upande wa pili wa barabara, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani. "Unaona pale? Pale nililima mimi. Nilimwaga mbolea yote, udongo ukawa mweusi kama tako la sufuria. Msimu uliofuata mwenyewe akauza. Wale watu wote wanalala juu ya samadi yangu." Alifikiri kidogo. "Ndiyo maana wanazaa hivyo."

Tangu hapo aliamua kwamba mbolea ni fanicha. Shamba likichukuliwa, anahama nayo. Vijana wa mikokoteni wa Kimbo walikuwa na hadithi zao juu yake: jinsi kitanda, jiko na sufuria vilivyohama kwa safari moja, na mbolea ikachukua mchana mzima. Pale steji walimwita Mama Mbolea, na yeye aliitika.

Mimi niliyezaliwa kwenye shamba la watu nilikua nikiamini kwamba shida yetu yote ni hati. Mtu akipata chake, niliwaza, atalima kama malaika. Kukaa kati ya tata na mzee yule kulinichanganya. Mzee hakuwa mvivu. Aliamka mapema, alivaa buti, alishika jembe. Lakini alikuwa na utulivu wa mtu ambaye shamba lake halitakimbia. Alipanda mahindi pale pale yalipokuwa mahindi, kwa mbegu ya gunia la mwaka uliopita. Alichelewa kupalilia kwa sababu hata kesho ni siku. Mabua aliyachoma. Tata naye alilima kama mtu anayesikia mlango ukibishwa. Haraka ile ilimpa mboga, lakini ndiyo iliyomnyima ndizi na avokado, na ndiyo iliyopeleka udongo mtoni. Nilikuwa nikifikiri kwamba ukimpa mzee haraka ya tata, na ukimpa tata muda wa mzee, mteremko ule ungelisha Ruiru nzima.

Wakati huo shamba la jirani lilikuwa limeshawekwa bikoni, alama za mipaka ya ploti. Watoto wa mzee, ambao wanaishi Nairobi na Nakuru, walikuwa wakimsukuma naye akate ploti. Walikuja Krismasi, wakasimama langoni, wakaona mahindi ya manjano, wakasema shamba limekufa na ni afadhali liuzwe likiwa bado na bei.

Asubuhi moja kabla ya mvua ya mwezi wa nne mzee alishuka na bakora yake, amevaa koti la kanisani. Nilijua mara moja kwamba si salamu. Alizunguka sana: mvua, magoti, dunia ya siku hizi. Halafu akasema anataka tubadilishane. Yeye achukue nusu ya chini, tata apande juu. Hakuona haya, na nadhani hakuwa na sababu ya kuona, kwa sababu aliamini anachosema.

"Udongo wangu wote umeteremka kwako, mama," alisema. "Naufuata tu."

Alieleza kwamba watoto wakija tena anataka wakute mahindi ya maana, wamwache afe na shamba lake. Na kama tata hapendi nusu ya juu, basi, yeye mzee ataelewa tata akitafuta mahali pengine.

Tata alikuwa ameinama kati ya mistari ya dania. Aling'oa gugu, akakung'uta mizizi yake, akaliweka kando. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira na nilitaka aseme kitu cha kukumbukwa. Alichouliza ni kimoja tu.

"Ng'ombe nitaendelea kuwasafisha mimi?"

Mzee akashangaa. "Safisha ukitaka. Nani mwingine atawasafisha?"

"Basi sawa, mzee."

Alipewa muda wa kuvuna. Mama mmoja jirani, ambaye pia hukodi, alimshauri apande mahindi bila konzi hata moja, mistari iliyobanana, ayaache yanyonye ardhi mpaka ibaki mifupa, ndipo amrudishie mzee. Wengi hufanya hivyo. Nami niliona ni haki. Tata alikataa, tena bila hotuba. "Nikishaanza kulima vibaya makusudi, mkono utazoea," alisema, akaendelea kupalilia kitu ambacho hakikuwa chake tena.

Tulihama kwa toroli na magunia, tukipandisha lundo lile mteremko mzima. Kazi ya kuteremsha mbolea ni tamu. Kuipandisha ni kazi ya kutubia. Vijana wa mikokoteni walikuja kutazama, wakamuuliza safari hii Mama Mbolea anahamia kaunti gani. Akawaambia amehamia mtaa wa matajiri, kule juu, na wakija kumtembelea wafute viatu.

Usiku hakucheka hivyo. Siku moja tulipokuwa tunakula githeri alishika kijiko akakaa nacho. Ile nusu ya juu ilikuwa nyekundu, ngumu, ina mawe. Jembe lilipogonga lilirudi na mlio. Msimu wa kwanza maharagwe yalitoka lakini yalikuwa maharagwe ya kuhurumiwa. Wachuuzi wa Juja waliacha kupiga simu.

"Baba," alisema, "nikishindwa hapa, sina nguvu ya kutafuta kwingine."

Huko chini mahindi ya mzee yalikuwa msitu. Konzi zote za tata, msimu juu ya msimu, zilikuwa bado ardhini, na mahindi yalizikuta. Mzee alisimama njiani akiita wapita njia. Watoto wake walikuja, wakatembea kati ya mistari, wakaondoka bila kutaja ploti. Alituletea mahindi mabichi ya kuchoma, ameyabeba mwenyewe kwenye kofia. Tata aliyala akayasifu, na sifa zake zilikuwa za kweli. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililoniudhi mimi.

Tata hakubadilisha chochote. Aliomba yale mabua ambayo mzee alitaka kuyachoma, akayalaza ardhini. Alileta mbolea ya kuku kutoka kwa mfugaji mmoja wa karibu, magunia mgongoni, mpaka watu wakawa wanampisha njiani kwa sababu ya harufu. Jumamosi alikuwa bomani. Mawe aliyaokota akayapanga kwenye mpaka, na alipopanga yakawa yanazuia maji kidogo, jambo ambalo hakumtajia mtu. Lundo likawa juu ya mabati yake, karibu kabisa na boma sasa, maana hapakuwa tena na safari. Konzi moja kwa shimo.

Msimu uliofuata nilikuwa nimeenda Thika kutafuta kazi ya muda, nikarudi baada ya mvua. Nilishuka nikiwa na mkoba begani, nikasimama kwenye nepia kama nilivyozoea. Nilidhani nimechanganyikiwa ni wapi juu na wapi chini. Sukuma ilikuwa upande wa nyumba ya mzee, pana, nyeusi kwa ukijani. Na huko chini mahindi yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya khaki, mafupi, yameachana.

Mzee alikuwa ameshaona kabla yangu. Tata aliniambia kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akitembea na bakora kutoka nepia hadi mtoni, akirudi, akiinama kushika udongo, akiutupa. Jumamosi iliyofuata nilikuwepo. Tata alitoka bomani amebeba karai la samadi kichwani, na mzee akamzuia mlangoni, si kwa ukali.

"Mama, hiyo unapeleka wapi?"

"Pale pale ninapoipeleka siku zote."

Mzee alimfuata nyuma polepole mpaka kwenye lundo. Akainua gunia kwa ncha ya bakora, akatazama.

"Na kule chini ulikuwa unapeleka hii?"

"Hii hii, mzee. Ya hawa hawa."

Aligeuka akawatazama ng'ombe wake, nao wakamtazama wakitafuna. "Kumbe shamba langu limekuwa likilishwa na ng'ombe wangu," alisema, "na mimi nikasema ni mteremko."

Hapo mtu mwingine angecheka. Mimi nilikuwa tayari kucheka. Tata aliteremsha karai, akajifuta mikono kwenye leso. "Mteremko nao ulisaidia," akasema.

Nimetembea sana, nimekutana na watu wenye roho nzuri na watu wenye mashamba makubwa, na bado nikitaka kukumbuka mtu mkubwa ni yupi nakumbuka sentensi ile na jinsi alivyoisema akiangalia pembeni, ili mzee apate nafasi ya kuokota heshima yake.

Mzee akauliza kama lundo lile angemuuzia.

"Hilo haliuzwi, mzee. Linahama na mimi."

"Na usipohama?"

Tata alilivuta gunia, akalifunika lundo tena.

Siku chache baadaye mzee alikuja na panga, jembe, na miche ya migomba aliyoing'oa nyuma ya nyumba yake. Akaenda moja kwa moja kwenye nepia, akaanza kung'oa mstari ule wa mpaka na kuchimba mashimo mahali pake. Alihema kama mashine mbovu. Nilipokimbilia kushika jembe alinifukuza.

"Wewe kaa hapo uangalie. Nataka mtu wa kusema aliona."

Alichimba mwenyewe, akapanda mwenyewe, akakanyagia kwa buti. Alipomaliza aliegemea jembe, akamwambia tata alime kuanzia boma mpaka mtoni, achimbe mitaro popote anapotaka, na yeye mzee apewe mboga ya nyumbani na mahindi ya kuwaonyesha watoto wanapokuja. Migomba hii, alisema, ameipanda yeye kwa mkono wake, kwa hiyo hakuna mtoto wake atakayesema mpangaji amepanda kitu cha kukaa.

"Mgomba ni wangu," alimalizia. "Ndizi ni zako. Na mgomba hauhamishwi."

Baadaye nilimwambia tata watafute mtu wa kuandika maneno yale, kwa sababu nimeona maneno mengi yakipotea. Alisema tutaandika, mzee mwenyewe akitaka. Lakini hakulala akiwaza karatasi. Kwake yeye, mwenye shamba alikuwa amevunja kwa jembe lake sheria ile ambayo haijaandikwa popote, na akaivunja mchana, mbele ya mtu. Alijua mzee ni mzee. Alijua bikoni za jirani ziko pale. Alipima yote hayo kimya kimya, kama anavyopima konzi, kwa siku kadhaa. Nilimwona akizunguka lile lundo, analifunika, analifunua.

Halafu mawingu yakakusanyika upande wa Thika, akagonga ukuta wangu. Nilimkuta shambani ameshatoa magunia yote. Alipiga fokojembe juu ya lundo, mvuke ukatoka, akaanza kuijaza toroli, na hakuchukua ndoo ya konzi. Tulimwaga kwenye mashimo ya migomba kwanza, halafu mstari kwa mstari kushuka, mpaka yakabaki mabati. Mzee alileta toroli yake kuukuu naye akamwaga, akilalamika juu ya mgongo. Mabati tata aliyakokota akayaegemeza kwenye ukuta wa boma.

"Sasa tata utahama na nini?" nilimtania.

Alikuwa ameinama, anachanganya udongo kwa mikono. "Nenda ukaoge, baba. Unanuka kama mkulima."

Niliondoka Kimbo baada ya mvua ile, kama ilivyo kawaida yangu. Kulikuwa na lori la kwenda Meru. Nilipopita tena mitaro ilikuwa imeshachimbwa, mto ulikuwa na rangi ya mto, na migomba ilikuwa imenizidi kimo. Kwa mazoea nilitafuta lundo. Pale lilipokuwa palikuwa pameota mboga ya malenge, na mmea ulikuwa umetambaa, ukapanda juu ya yale mabati mabovu na kuyafunika.